Onyo la kompaila "lisilo na madhara": liguswe kwenye toleo thabiti?

Kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo wa programu, kina mstari mmoja tu. Palipokuwa na `int ret;` sasa paandikwe `int ret = 0;`. Aliyekileta ameeleza kwamba hakibadilishi chochote, kinanyamazisha onyo la kompaila basi, na anaomba kiingizwe kwenye toleo thabiti pamoja na marekebisho mengine ya mwezi huu. Mtunzaji mmoja anasema kiingie, kwa kuwa hakina madhara. Mwenzake anasema kisiingie: kama hakibadilishi chochote, kimefuata nini kwenye toleo ambalo watu wanalitegemea?

Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi, na nimewahi kukaa pande zote mbili. Siku hizi naona wote wawili wanapima kitu kimoja na kukiacha kingine. Wanajadili kama onyo lina madhara, na wanasahau kwamba kinachoingia kwenye toleo ni kiraka. Onyo linaweza kuwa halina madhara kabisa, na dawa yake ikawa sumu.

Tuanzie chini kidogo kwa ajili ya msomaji ambaye hashindi na vitu hivi. Kompaila ni programu inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu, tuseme kwa lugha ya C, na kuugeuza kuwa maagizo yanayotekelezwa na mashine. Ikikuta jambo lisilokubalika katika lugha hiyo, inatoa kosa na kazi inaishia hapo. Ikikuta jambo linaloruhusiwa lakini linatia shaka, inatoa onyo na kuendelea. Kigeu, yaani jina la kuhifadhia thamani, kimetangazwa lakini hakitumiki. Nambari inayoweza kuwa hasi inalinganishwa na isiyoweza. Kigeu huenda kikasomwa kabla hakijapewa thamani. Hilo "huenda" ndilo lenye uzito: kompaila haijui nia ya mwandishi, inakisia tu kwa kufuata njia ambazo programu inaweza kupita, na mara nyingine inaogopa njia ambayo kiuhalisia haipitiki kamwe. Onyo la namna hiyo ndilo watu huliita lisilo na madhara.

Toleo thabiti nalo ni ahadi. Unamwambia mtumiaji: chukua hili, hutapata mambo mapya, utapata tu marekebisho ya yale yanayokuumiza. Mfano ninaoujua vizuri ni kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi. Machi 2005, baada ya toleo la 2.6.11, Greg Kroah-Hartman na Chris Wright walianzisha tawi (mkondo wa msimbo unaotunzwa peke yake) la marekebisho madogo, likaanza na 2.6.11.1. Kutokana na utaratibu huo yamekuja matawi ya muda mrefu yanayotunzwa kwa miaka, na simu ya Android iliyo mfukoni mwako inatembea juu ya kerneli iliyochipuka kwenye mojawapo ya matawi hayo.

Kanuni za tawi hilo zimeandikwa, na ni fupi. Kiraka kiwe kimeshaingia kwenye tawi kuu la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux. Kiwe sahihi bila utata, na kimejaribiwa. Kisizidi mistari 100, ukihesabu na mistari ya jirani inayoonyesha mahali pake. Kirekebishe tatizo halisi: mashine kuganda, data kuharibika, tundu la usalama, msimbo kugoma kukompailiwa. Marekebisho ya tahajia na ya nafasi tupu hayatakiwi. Onyo la kompaila linaangukia katikati kabisa. Si msimbo uliogoma, wala si koma iliyokaa vibaya. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao hubishana.

Kelele za mlango

Wanaotaka maonyo yasafishwe wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa, na naijua kwa kuumia nayo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza programu ya kupokea usomaji wa mita za maji kwa ofisi moja. Kila tulipoikompaili ilitoa maonyo zaidi ya mia mbili, yote ya zamani, yote tukiambiana kwamba hayana neno. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, na sisi tulilala fofofo. Siku moja niliingiza kiraka cha usalama kwenye toleo lililokuwa likitumika, nikaiona skrini ikiteremka kama siku zote, nikalituma. Katikati ya yale mia mbili palikuwa na onyo jipya moja: fanksheni (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu) iliyotakiwa kurudisha thamani ilikuwa hairudishi kitu upande mmoja wa `if`. Kompaila ilitaja jina la faili na nambari ya mstari. Kwa siku tatu mfumo uliandika usomaji wa ovyo, na kuna kaya zilizokaribia kutumiwa bili za maji ambayo hazijawahi kuyaona.

Tangu hapo nimeelewa kwamba kwenye toleo thabiti onyo lina kazi ambayo kwenye tawi kuu halina. Viraka vya toleo thabiti haviandikwi pale. Vinaandikwa kwenye tawi kuu na kurudishwa nyuma, vikapandikizwa kwenye msimbo wa miaka mitatu au minne iliyopita. Huko nyuma udongo ni tofauti. Huenda kiraka kinategemea badiliko jingine ambalo halikurudishwa nacho. Dalili ya kwanza ya upandikizaji mbovu mara nyingi ni onyo dogo tu: fanksheni imeandikwa lakini hakuna anayeiita, kigeu kimetangazwa lakini hakitumiki. Kwenye tawi kuu onyo hilo lingekuwa uchafu wa kawaida. Kwenye tawi la kale linakuambia kwamba nusu ya kiraka imebaki njiani. Utalionaje kama liko namba 147 kati ya 212?

Kuna na suala la umri. Msimbo wa toleo thabiti unasimama, lakini kompaila hazisimami. Linux 4.4 ilitoka Januari 2016 na ikatunzwa hadi Februari 2022. Katika miaka hiyo kompaila ya GCC, ambayo hutoa toleo kubwa takriban kila mwaka, ilitoka kwenye 5 ikafika 11. Kila moja ilikuja na macho makali zaidi. GCC 6 ilianza kuonya kuhusu mistari iliyosogezwa ndani kana kwamba iko chini ya `if` na kumbe haiko, jambo ambalo kila aliyekumbuka kasoro ya Apple ya Februari 2014 alilifurahia: mstari `goto fail;` ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo, na ule wa pili ukaruka ukaguzi wa usalama uliofuata. GCC 7 ikaanza kuuliza kuhusu `case` (machaguo ndani ya `switch`) zinazomwagikia `case` inayofuata. GCC 8 ikaja na malalamiko yake kuhusu kunakili maandishi. Msimbo uleule uliokompailiwa kimya mwaka 2016 ukawa unapiga kelele mwaka 2018 bila mtu kuugusa.

Hapo ndipo onyo linaweza kuacha kuwa onyo. Ipo swichi iitwayo `-Werror` inayoigeuza kila shaka ya kompaila kuwa kosa. Septemba 2021, wakati wa maandalizi ya Linux 5.15, Torvalds aliiwasha kwa kila anayejenga kerneli, kwa kuchoshwa na maonyo yasiyoshughulikiwa. Siku chache baadaye ikabidi aipunguze, iwake yenyewe kwa wanaojenga kwa ajili ya majaribio, kwa sababu huku na kule kerneli zilikuwa zimegoma kujengwa. Mwenye toleo thabiti lililowashwa `-Werror` atajikuta hana hiari: kompaila mpya ikija, onyo lisilo na madhara linamzuia mtumiaji kujenga programu. Kwake kiraka cha kulinyamazisha kinatibu msimbo uliogoma, na kanuni zinakiruhusu. Ila ningemshauri aizime `-Werror` kabla ya kutoa toleo. Swichi hiyo ni ya mezani kwa mwandishi. Haifai kumfuata mtu ambaye kompaila yake hatujawahi kuiona.

Dawa inayozidi ugonjwa

Sasa tukirudie kile kiraka cha mstari mmoja, maana kimebeba hatari ambayo haionekani kwa jicho la haraka.

Kwenye kerneli ya Linux, fanksheni nyingi hurudisha 0 ikiwa kazi imefanikiwa, na nambari hasi ikiwa imeshindikana. `int ret = 0;` maana yake basi ni kwamba kabla hatujafanya lolote, tumeshajiandikia kuwa tumefaulu. Ikiwa kompaila ilikuwa sahihi, na kweli ipo njia ambayo `ret` haipewi thamani, kosa halijaondoka. Zamani fanksheni ingerudisha takataka, na takataka angalau huonekana: programu inayumba, mtu analalamika, tatizo linatafutwa. Sasa inarudisha jibu la "mambo safi" kila mara, kwa uhakika, kwa kazi ambayo haikufanyika. Zaidi ya hapo kompaila imefungwa mdomo. Mwakani mtu akiongeza njia nyingine inayosahau kuijaza `ret`, hakuna atakayemwonya, maana kigeu tayari kina thamani. Ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe anaishi humohumo ndani.

Kerneli ilikuwa hata na ufupisho maalumu wa kazi hiyo, `uninitialized_var(x)`, ambao kwa ndani ulikuwa unaandika tu `x = x` ili kompaila itulie. Ulitumika kwa miaka. Ukaondolewa mwaka 2020, Linux 5.9, kwa hoja hiyohiyo kwamba unaficha makosa ya kweli pamoja na ya kudhaniwa. Mei ya mwaka huohuo Torvalds alichagua njia tofauti kwa onyo la "huenda hakijajazwa": alilizima kwenye ujenzi wa kawaida, kwa kuwa lilikuwa likikosea mno. Msimbo haukuguswa. Hatua hiyo ina gharama, maana na makosa ya kweli yanapita kimya, lakini haikubadilisha agizo hata moja linaloifikia mashine. Kwa mwenye toleo thabiti hilo si jambo dogo.

Mfano wa pili ni wa madereva ya vifaa, yaani programu zinazoendesha vifaa kama kadi ya mtandao. Unakuta `status = readl(addr);` halafu `status` haitumiki tena. Tangu GCC 4.6 ya mwaka 2011, kompaila hutoa onyo kwa kigeu kilichopewa thamani bila kusomwa. Mtu anafuta mstari wote. Unaonekana hauna kazi. Lakini `readl` inasoma rejista ya kifaa (kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani yake), na viko vifaa ambavyo kitendo cha kusoma rejista ndicho kinachofuta ishara ya kukatiza. Ukiufuta mstari huo, kadi ya mtandao itaendelea kupiga hodi ambayo haifunguliwi. Ilitakiwa kifutwe kigeu, usomaji ubaki.

Na `case` zinazomwagika? Kwa C, usipoandika `break`, programu inateremka hadi kwenye `case` ya chini yake. Mara nyingine ndivyo mwandishi alivyotaka, mara nyingine alisahau. Onyo ni lilelile, dawa ni mbili. Ukiandika maelezo kwamba umwagikaji ni wa makusudi, hakuna agizo linalobadilika. Ukiongeza `break`, umebadilisha mwenendo wa programu. Kuyapitia maonyo haya kwenye kerneli kulichukua miaka, hadi swichi ikawashwa kote mwaka 2019 katika Linux 5.3, na njiani makosa ya kweli yalipatikana. Kwa hiyo ukiniuliza kama "viraka vya umwagikaji" vinafaa kwenye toleo thabiti, siwezi kukujibu kwa neno moja. Chenye maelezo matupu hakina haraka. Chenye `break` ama ni dharura ama ni msiba, na inabidi mtu anayekijua kile kifaa aseme ni kipi.

Lakini kisa kinachonisumbua kila nikikikumbuka ni cha Debian, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux. Mwaka 2006 Valgrind, zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, ilikuwa ikilalamika kuhusu OpenSSL, maktaba inayotumika kutengeneza funguo za siri za mawasiliano. Ilidai kwamba kumbukumbu isiyojazwa inasomwa. Valgrind si kompaila, ila lalamiko lake ni ndugu wa damu wa lile la `ret`. Mistari miwili inayofanana, `MD_Update(&m,buf,j);`, ikazimwa, kila mmoja kwenye fanksheni yake. Mmoja kweli haukuwa na umuhimu mkubwa. Wa pili ndio uliokuwa ukiingiza nasibu kwenye chungu ambamo nambari za siri zinapikwa. Ulipozimwa, chungu kikabaki na kiungo kimoja tu cha kutofautisha ufunguo huu na ule: nambari ya mchakato, ambayo ukomo wake ulikuwa 32,768. Mtu aliweza kukaa na kompyuta ya kawaida, akatengeneza funguo zote zinazowezekana za aina na ukubwa fulani, akazijaribu kwenye seva moja baada ya nyingine hadi mlango ufunguke.

Badiliko hilo liliingia Septemba 2006. Liligunduliwa na Luciano Bello na kutangazwa Mei 13, 2008, ikiwa ni miezi 20 baadaye. Aliyeizima mistari ile hakuwa mzembe. Aliwauliza kwanza watengenezaji wa OpenSSL. Na hakuipeleka moja kwa moja kwenye toleo thabiti. Ilikaa kwenye tawi la majaribio, ikatumiwa na watu, kisha ikaingia kwenye Debian 4.0 iliyotangazwa thabiti Aprili 2007, na hakuna aliyeona kitu, kwa sababu funguo dhaifu zinafunga na kufungua sawasawa na zile imara. Waliosalia na Debian 3.1, toleo thabiti lililotangulia, hawakuwa na kasoro hiyo. Wao walikuwa na OpenSSL ya zamani, na lalamiko lake lile lisilo na madhara likiwa mahali pake.

Kwa hiyo nikisikia kwamba kiraka cha onyo kiachwe kwanza kwenye tawi kuu kwa miezi michache "kiive", nakubali kwamba ni desturi njema, ila sioni kama ni kinga. Kukaa tu hakugundui kitu. Anayegundua ni mtu anayeuliza.

Jinsi ninavyokipima

Dai la "hakibadilishi chochote" lina uzuri mmoja: linaweza kuhakikishwa kabla ya chakula cha mchana. Kompaili faili bila kiraka, kompaili tena ukiwa na kiraka, kwa kompaila ileile na swichi zilezile, kisha linganisha maagizo ya mashine yaliyotoka. Zima taarifa za utatuzi kwanza, maana zinabeba nambari za mistari na zitatofautiana hata kama umeongeza mstari mtupu. Angalia pia kama msimbo unatumia `__LINE__`, inayogeuka kuwa nambari ya mstari, kwa sababu hiyohiyo. Ukishayaondoa hayo, chukua sehemu ya maagizo peke yake na uilinganishe baiti kwa baiti.

Zikifanana, mjadala umepungua sana. Kuondoa kigeu kisichotumika, kuandika maelezo ya umwagikaji, kurekebisha aina ya nambari kwenye ujumbe wa kumbukumbu, mara nyingi hutoka sawasawa. Viraka hivyo naviruhusu kwenye toleo thabiti bila kinyongo, mradi vimetoka tawi kuu na vinasaidia ujenzi kutoka bila onyo hata moja. Faida yake siipati siku hiyo. Naipata siku kiraka cha usalama kinapopandikizwa na onyo moja tu likatokea kwenye skrini nyeupe. Rudia kipimo kwenye zaidi ya aina moja ya prosesa kama programu yako inatembea kwenye nyingi. Yaliyo sawa kwenye x86 si lazima yawe sawa kwenye ARM.

Zikitofautiana, basi kiraka kimebadilisha programu, na maneno ya aliyekileta hayana nguvu tena. Haimaanishi kikataliwe. Maana yake kianze upya kwenye mlango wa marekebisho ya kweli, kieleze ni kasoro gani kinatibu, nani ameiona, nini hutokea bila chenyewe. Kikishindwa kutaja kasoro yoyote, na onyo linakera kweli, kuna njia ya kulizima kwa swichi kwenye faili hilo moja la toleo la zamani bila kugusa mwenendo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: kasoro ambayo watumiaji wameishi nayo miaka mitatu wameshajua pa kuikwepea, na kasoro mpya hawajaijua.

Kile cha `int ret = 0;` nilikipima. Maagizo yalitofautiana kwa agizo moja, la kuweka sifuri kwenye rejista. Nikamwandikia aliyekileta. `ret` inapewa thamani ndani ya kitanzi kinachopitia orodha ya milango ya kifaa. Kompaila inaogopa kwamba orodha ikiwa tupu, kitanzi hakizunguki hata mara moja. Kama orodha inaweza kuwa tupu, jibu linalofaa pengine ni `-ENODEV`, kwamba hakuna kifaa, na hicho ni kiraka kingine chenye maelezo mengine. Amejibu kwamba haiwezi kuwa tupu. Nimemwomba anionyeshe mstari unaohakikisha hivyo, kwenye tawi hili la zamani na si kwenye tawi kuu, na bado tunautafuta.